Uliza Dokta wa Vijidudu: Hiyo "nano" inayoua 99.9% ilipimwaje?

Toleo lililopita niligusia kidogo tu dawa za kuua bakteria zenye chembe za nano, na sasa barua zimejaa mpaka mhariri kaniambia nizijibu kwa mkupuo mmoja. Nimechagua sita. Zile za "dokta ninunue ipi" nimeziacha, mi sio muuzaji.

*Dokta habari za kazi. Nina dawa ya kupuliza mezani, chupa imeandikwa "nano silva, inaua 99.9% ya bakteria". Mume wangu anasema hayo ni maneno ya biashara, mimi nasema kama maabara imepima basi yameisha. Tuamulie. — Mama mwenye ubishi nyumbani*

Nzuri dada. Wote mna pointi ila mzee kakuzidi kidogo, na nitakuambia kwa nini.

Silva yenyewe, yaani madini ya fedha, inaua, hilo halina ubishi, na wala sio jambo jipya. Mwaka 1881 daktari mmoja Mjerumani, Carl Credé, alitangaza kwamba kumdondoshea mtoto mchanga tone la nitrati ya silva machoni kunazuia ule usaha wa macho unaotokana na kisonono cha mama, na watoto wengi wakaepuka upofu kwa njia hiyo. Sasa kilichobadilika ni kwamba silva imesagwa mpaka kuwa chembe za kati ya nanomita 1 na 100, na nanomita moja ni mita moja ukiigawa mara bilioni. Bakteria wa E. coli ana urefu wa nanomita kama 2000 hivi, kwa hiyo chembe za nanomita 10 unaweza kuzipanga 200 kwenye mstari mmoja juu ya mgongo wake. Chembe ikiwa ndogo hivyo, gramu ileile ya silva inakuwa na eneo kubwa mno la nje, na ni kutoka kwenye hilo eneo ndo ayoni za silva, yaani atomi zenye chaji ya umeme, zinavuja. Zile ayoni zinang'ang'ania salfa iliyopo kwenye protini za bakteria, zinaharibu utando wake wa nje, zinavuruga anavyopumua, anakufa.

Kumbuka hapo, ayoni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice kule Marekani walichapisha mwaka 2012 jaribio zuri sana, waliweka chembe za nano za silva pamoja na E. coli mahali pasipo na oksijeni kabisa, na bila oksijeni silva haioksidishwi kwa hiyo ayoni hazitoki, na bakteria hawakufa! Ina maana chembe yenyewe ni kama ghala tu, anayeua ni kile kinachotoka ndani yake. Kwa hiyo mtu akikuambia "nano inamchoma bakteria kama mkuki" mwambie apunguze chumvi.

Sasa hiyo 99.9%. Chukua bakteria milioni 10, ua 99.9%, wanabaki 10,000. Waliobaki wakipata joto na chakula kizuri, E. coli anaweza kujigawa kila dakika 20, wakijigawa mara 10 tu wamerudi milioni 10, na hayo ni masaa matatu na dakika 20. Mezani pakavu hawakimbii hivyo, sawa, lakini umeona mwenyewe hiyo namba inavyopungua ukubwa ukiigeuza. Sisi maabara hatupendi asilimia, tunahesabu kwa logi, logi 1 ni kupunguza mara kumi, 99.9% ni logi 3. Kipimo cha Ulaya cha EN 1276, kinachotumika kwa dawa za maeneo ya chakula, viwanda na majumbani, kinadai logi 5, yaani kwenye wale milioni 10 wabaki 100. Hapo ndo 99.999%. Tisa mbili za ziada zinaonekana ndogo kwenye chupa ila kwenye sahani ya maabara ni mbingu na ardhi.

Ila namba peke yake haitoshi. Aliuawa bakteria gani, kwa dakika ngapi, juu ya uso msafi au mchafu, na alikuwa anaelea majini au amejishikiza? Kama chupa inasema 99.9% halafu maandishi madogo nyuma yanasema "baada ya saa 24", we unapuliza na kufuta baada ya sekunde kumi, basi umepangusa meza tu. Na usishangae, silva ni ya polepole ukilinganisha na klorini au pombe. Nyuma ya chupa kama hakuna muda wa kuiacha ikae wala jina la bakteria hata mmoja, mpe mzee ushindi wake.

*Shikamoo Dokta. Niko mwaka wa mwisho, projekti yangu ni chembe za nano za silva nilizotengeneza kwa majani ya mmea. Kwenye vidisiki juu ya aga nimepata duara ndogo sana la milimita 8, lakini kwenye tyubu inaonekana kali. Supavaiza anasema matokeo yanapingana. Pia mashine ya kusoma sahani inaniletea namba za ajabu, visima vyenye dawa nyingi vinaonekana kama vina bakteria wengi zaidi. Nimekwama. — Mwanafunzi*

Marahaba mdogo wangu. Barua yako imenifurahisha kuliko zote kwa sababu matatizo yako yote ni ya kweli, na wengi wanayaficha chini ya meza halafu wanachapisha hivyohivyo.

Tuanze na duara, lile eneo tupu kuzunguka kidisiki ambapo bakteria hawakuota. Kipimo cha vidisiki, vile vipande vya karatasi vyenye dawa vinavyowekwa juu ya aga, jeli ya kuoteshea bakteria, kilitengenezwa kwa ajili ya antibayotiki, vitu vidogo vinavyoyeyuka na kusambaa kwenye aga bila shida. Chembe ya nano haisambai hivyo, ni kubwa, na mara nyingi inagandiana ikakaa palepale ilipodondoshwa. Duara la milimita 8, na kidisiki chenyewe ni milimita 6, linakuambia dawa haikusafiri, halikuambii kuwa dawa ni dhaifu. Usilinganishe duara la chembe zako na la antibayotiki ukasema nani kamshinda nani, utapigwa maswali siku ya kujitetea mpaka utamani ardhi ipasuke. Vidisiki tumia kuchungulia tu mwanzoni, kazi yenyewe ifanye kwenye mchuzi, yaani maji yenye chakula cha bakteria.

Na mchuzi nao uuangalie. Kama unatumia LB ile ya kawaida ina chumvi gramu 10 kwa lita, na ayoni ya silva ikikutana na kloridi inageuka kloridi ya silva, inazama chini, imekwisha nguvu. Michuzi yenye protini nyingi nayo inaifungia silva. Ndo maana mtu mmoja anapata kiwango cha chini cha kuzuia bakteria ni 5 mwingine anapata 50 kwa chembe zilezile, hawajadanganya, wamebadilisha supu. Andika mchuzi wako ni upi na una nini ndani, na kama unaweza rudia kwenye bafa isiyo na kloridi uone tofauti.

Halafu ule usomaji wa ajabu. Mashine inapima ukungu, yaani mwanga unaozuiwa, kawaida kwenye nanomita 600. Bakteria wanazuia mwanga, sawa, lakini na chembe zako zinazuia, haswa zikishagandiana. Ndo maana kisima chenye dawa nyingi kinaonekana "kimeota". Silva ya nano ina rangi ya njano au kahawia na inameza mwanga karibu na nanomita 400, kwa hiyo usisogee huko. Kila kiwango cha dawa kiwekee kisima chake chenye mchuzi na dawa bila bakteria, toa hiyo namba. Hata hivyo mimi siamini ukungu peke yake, na rangi kama resazurini, zinazobadilika bakteria wakiwa hai, nazo zinaweza kuchezewa na chembe zenyewe zikabadilika bila bakteria kuhusika. Chukua kutoka kisimani, punguza mara kumi kumi, mwaga kwenye sahani ya aga, subiri kesho yake uhesabu makoloni. Ni kazi ya kuchosha, vidole vitauma, ila koloni halidanganywi na rangi.

Lakini kuna jambo hujaliandika kabisa kwenye barua na ndo linalonitia wasiwasi. Ukichukua tone kutoka kisimani ukalimwaga kwenye aga, umemwaga bakteria PAMOJA na dawa. Dawa inaendelea kufanya kazi kwenye sahani usiku kucha, asubuhi hakuna kitu, unaandika "imeua wote ndani ya dakika 5" kumbe ilihitaji masaa. Hili jambo lilimpata hata Robert Koch, huyuhuyu wa kifua kikuu. Mwaka 1881 alilowesha nyuzi za hariri kwenye spora za kimeta, akazitumbukiza kwenye dawa mbalimbali kisha akaziweka kwenye chakula cha bakteria aone kama zitaota, na kloridi ya zebaki ikatoka kiboko ya zote. Mwaka 1889 mwenzake Julius Geppert akafanya jambo dogo tu, kabla ya kuotesha akaizima ile zebaki iliyobaki kwa salfaidi ya amonia, na spora zilizohesabiwa zimekufa zikaota. Zilikuwa zimezuiwa, hazijauawa.

Kwa hiyo dakika ikifika, zima dawa. Kwa silva watu wanatumia sodiamu thioglaikoleti pamoja na sodiamu thiosalfeti, zina salfa inayoivuta ayoni ya silva kabla bakteria hajaguswa tena. Na hicho kizima-dawa chenyewe lazima kipimwe, kwanza uoneshe hakiui bakteria, pili uoneshe kweli kinaizima dawa yako kwa kiwango kikubwa kabisa unachotumia. Bila hivyo viwili, namba zako za muda ni hadithi.

Na za kulinganishia usizisahau. Moja ni maji ya majani peke yake, kwa sababu majani mengi yana tanini na vitu vingine vinavyoua bakteria bila silva yoyote. Nyingine ni nitrati ya silva kwa kiwango sawa na ayoni zilizoyeyuka kwenye dawa yako, maana kama nitrati peke yake inaua vilevile basi sifa sio ya nano, ni ya ayoni. Nyingine tena zungusha dawa kwenye sentrifyuji kali chembe zizame, chukua maji ya juu uyapime. Ukubwa wa chembe pia upime ndani ya mchuzi wenyewe, sio ndani ya maji safi tu, maana kwenye maji zinakaa nanomita 20 vizuri zikiingia kwenye chumvi zinashikana zinakuwa mabonge ya mia kadhaa, na hapo unapima kitu kingine kabisa na hicho ulichoandika kwenye kichwa cha projekti.

Marudio yawe matatu ya kweli, siku tofauti, bakteria waliooteshwa upya, sio visima vitatu vya sahani moja. Anza na bakteria kama 500,000 kwa mililita, ndo kawaida ya kipimo cha kiwango cha kuzuia, na kiwango cha kuua kinahesabiwa pale 99.9% wamekufa. Supavaiza wako yuko sahihi kuuliza, mpelekee hii.

*Dokta, nasimamia usafi kwenye kiwanda cha vinywaji. Kila wiki tunapitisha dawa kwenye mabomba, tukichukua sampuli inasoma safi, baada ya siku chache bakteria wamerudi walewale. Kampuni moja inatuuzia dawa ya nano wanasema "inavunja bayofilimu". Ripoti yao ya maabara ipo na inaonesha logi 6. Tuiamini? — Msimamizi wa zamu*

Ripoti uliyonitumia nimeisoma kaka. Logi 6 ipo kweli, lakini ilipatikana kwa bakteria wanaoelea ndani ya maji. Wa kwako hawaelei.

Bakteria wengi duniani hawaishi wakielea hovyo, wanatua kwenye uso wenye unyevu, wanajishikiza, wanatoa ute wa sukari, protini na hata DNA, wanajenga mtaa wao humo ndani. Antonie van Leeuwenhoek aliwaona miaka ya 1680 kwenye ukoko wa meno yake mwenyewe, lakini sayansi ilikaa muda mrefu ikiwafuga kwenye chupa tu, mpaka Bill Costerton na wenzake miaka ya 1970 walipoanza kupiga kelele kwamba jamani maisha halisi ya bakteria ni kwenye utando. Huo utando ndo bayofilimu, na bakteria walioko ndani wanaweza kuvumilia dawa mara mia, wengine hadi mara elfu, kuliko ndugu zao walewale wanaoelea.

Kwa nini? Sababu ziko nyingi na zinafanya kazi kwa pamoja. Dawa kama klorini inaisha nguvu ikipambana na ute wa juu kabla haijafika chini. Ndani kabisa oksijeni na chakula ni haba, bakteria wamelala, na dawa nyingi zinamuua vizuri anayekua sio aliyelala. Halafu kuna wachache wanaoitwa wasugu wa muda, Joseph Bigger aliwaeleza mwaka 1944 akiwa anajaribu penisilini, hawajabadilika kijenetiki, wamezima tu, dawa ikipita wanaamka. Ukisikia "wamerudi walewale" ndo hao pamoja na majirani zao waliokuwa chini ya utando. Na sampuli yako inasoma safi kwa sababu pengine unachukua maji yaliyopita bombani, mtaa wenyewe uko ukutani, kwenye kona, kwenye valvu na mipira ya viungio.

Nano inasaidia hapo? Inaweza, ila sio kwa jina. Chembe ndogo hupenya utando vizuri kuliko kubwa, na zile zenye chaji chanya zinavutwa na ute ambao kwa kawaida una chaji hasi, jambo ambalo lina pande mbili, zinashika vizuri lakini zinaweza kunasia juujuu zisifike chini. Kuna chembe zinazovalishwa ganda maalumu ili zipite, kuna zinazochanganywa na vimeng'enya vinavyokata ute kwanza. Mimi binafsi hao wa kukata ute kwanza ndo nawaona wana akili zaidi, maana kuua bila kuvunja mtaa ni kuacha maiti za bakteria ziwe msingi wa mtaa mpya.

Sasa uwaulize hao jamaa kipimo gani. Kuna kifaa kilichotoka Calgary, Kanada, mwaka 1999, kifuniko chenye vijiti 96 kama kitana kinachozama kwenye visima 96, bayofilimu inaota kwenye vijiti na unavijaribu kwa dawa za viwango tofauti kwa mara moja. Kizuri kwa kuchuja dawa nyingi haraka. Kigumu zaidi ni kile kinachoitwa riakta ya CDC, chupa yenye fimbo 8 na kila fimbo imebeba vipande 3 vidogo, jumla 24, na kati kuna panga linazunguka ili maji yasugue vile vipande, kwa sababu bayofilimu iliyoota kwenye maji yanayokwenda inakuwa ngumu kuliko ya maji yaliyotulia. Wewe una mabomba, maji yako yanakwenda, kwa hiyo hicho ndo kinakuhusu. Mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, ukitaka kuandika kwenye lebo kwamba dawa yako inaua bakteria wa kwenye bayofilimu inataka njia hiyo, kwa Pseudomonas aeruginosa na Staphylococcus aureus, na angalau logi 6 kwenye bayofilimu yenyewe. Logi 6 ya kuelea na logi 6 ya bayofilimu hazifanani hata kidogo japo kwenye karatasi zinaandikwa kwa tarakimu moja.

Angalia pia kama wametumia rangi ya zambarau, kristali vayoleti. Wengi wanaipenda kwa sababu ni rahisi, unapaka, unaosha, unasoma rangi. Ila inapaka kila kitu, bakteria hai, wafu, ute mtupu. Ikipungua ina maana utando umepungua, haisemi nani kafa. Na kinyume chake, kuhesabu makoloni peke yake hakusemi kama utando bado umekaa. Ripoti ya maana ina vyote viwili, na ikiwezekana na picha za maikroskopu zenye rangi mbili, kijani kwa walio hai na nyekundu kwa waliokufa, za kutoka juu mpaka chini ya utando. Kuwang'oa bakteria kutoka kwenye kipande ili wahesabiwe nako kuna fundi wake, wakikwangua kidogo waliobaki wamesahaulika na dawa inaonekana shujaa.

Mwisho waulize kama kwenye kipimo walichafua uso kwanza. Kipimo kinachoitwa "hali chafu" kinaongeza protini gramu 3 kwa lita, hali safi ni 0.3. Mabomba yenye mabaki ya sukari na maji ya matunda sio hali safi. Silva na protini nishasema kwa mwanafunzi hapo juu.

Wakati unasubiri majibu yao, badilisha utaratibu, osha kwanza kwa sabuni ya alikali yenye joto na mwendo mkali wa maji, fungua viungio visuguliwe kwa mkono, halafu ndo dawa, na sampuli zichukuliwe kwa kufuta kuta za ndani sio maji peke yake. Nadhani hapo utaona mabadiliko hata kabla ya kununua nano yoyote, na muuzaji hatanipenda kwa kusema hivi.

*Dokta naomba kuuliza kwa kifupi. Kama silva ya nano inaua bakteria, si naweza kunywa kidogo kuzuia magonjwa? — Msomaji*

Hapana.

Nirefushe kidogo. Silva ukiinywa mara kwa mara inaweza kujikusanya kwenye ngozi ikakugeuza rangi ya kijivu-bluu, na rangi hiyo haitoki. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza mwaka 1999 kwamba dawa za silva ya kolloidi zinazouzwa bila cheti cha daktari hazitambuliki kuwa salama wala kuwa zinafanya kazi. Dawa ya mezani ibaki mezani.

*Nimesikia bakteria hawawezi kuzoea silva kwa sababu inawashambulia sehemu nyingi kwa pamoja. Kweli hii? — Muuguzi*

Inasemwa sana dada na ina chembe ya ukweli, ni vigumu zaidi kuliko antibayotiki inayolenga sehemu moja. Lakini "hawawezi" sio kweli. Mwaka 1975 iliripotiwa kwamba kwenye wodi ya majeraha ya moto ya hospitali moja Boston, Salmonella walioweza kuvumilia nitrati ya silva, dawa iliyokuwa inatumika kwenye vidonda, waliingia wodini na wagonjwa wakafa, wodi ikafungwa. Baadaye jeni zenyewe zikapatikana, ziko kwenye plasmidi, kipande kidogo cha DNA kinachoweza kuhama, kwa hiyo bakteria mmoja anaweza kumpa mwenzake, zinatengeneza protini ya kuidaka silva na pampu za kuitoa nje.

Za nano je? Watafiti wa Jamhuri ya Cheki walichapisha mwaka 2018 kwamba E. coli na Pseudomonas wakikutanishwa na chembe za nano za silva tena na tena kwa dozi ndogo wanaanza kutoa flajelini, protini ya mkia wao, inazifanya chembe zishikane mabonge na kupoteza nguvu. Hawakubadilisha jeni hata moja, ujanja mtupu. Na walipoongeza dondoo la ganda la komamanga, ambalo linazuia flajelini, chembe zikarudi kuua.

Kwa hiyo kipimo cha siku moja hakitoshi kwa dawa itakayotumika wodini kila siku kwa miaka. Inatakiwa pia jaribio la kuwazoesha, unawapitisha bakteria kwenye dozi isiyowaua, kizazi baada ya kizazi, unapima kila baada ya muda kama kiwango cha kuwazuia kinapanda. Na bakteria wa kutumia wawe pia wale waliotoka kwa wagonjwa, sio wa kwenye friji ya maabara tu ambao wamedekezwa miaka. Na kitu kimoja ambacho kiko mikononi mwenu wauguzi, dozi ndogo isiyoua ndo shule ya bakteria, dawa ikiongezwa maji kuliko maelekezo ili idumu, mnawafundisha.

*Hospitali yetu inataka kupaka rangi ya ukutani yenye titani ya nano, wanasema inajisafisha yenyewe na cheti cha ISO kipo. Mnasemaje? — Mjumbe wa kamati ya ujenzi*

Mnaombwa kuangalia cheti cha ISO namba ngapi. Kama ni 22196, kile kipimo unaweka tone la bakteria juu ya kipande, unalifunika kwa plastiki nyembamba, unaliacha saa 24 kwa nyuzi 35, unyevu wa hewa zaidi ya asilimia 90. Ukuta wa wodi haujawahi kuwa hivyo, ni mkavu, una ubaridi, na bakteria wanafika kwa mkono au kwa chafya wanakauka ndani ya dakika. Kipimo si kibaya, kinalinganisha vipande viwili kwa haki, ila hakiwezi kukuambia kitakachotokea kitasani saa nne asubuhi.

Na titani ina lake la pekee, titaniamu dioksaidi peke yake haiui gizani. Inahitaji mwanga wa yuvi (UV, usioonekana kwa macho), chini ya nanomita 390 hivi, ndo inatoa zile molekyuli kali zinazounguza bakteria. Taa za LED za ndani karibu hazina yuvi kabisa, na vioo vya madirisha vinachuja sehemu yake. Zipo aina zilizochanganywa na vitu vingine ili zifanye kazi kwa mwanga wa kawaida, kwa hiyo swali la kumpelekea muuzaji ni hili: mlipima chini ya taa gani, kwa mwanga kiasi gani, na ile sampuli ya kulinganishia iliyowekwa gizani ilitoa namba ngapi? ISO 27447 ndo kipimo cha rangi zinazotegemea mwanga, akikuletea hicho mwambie akuoneshe safu ya gizani pia. Halafu muulize imeoshwa mara ngapi kabla ya kupimwa, maana ukuta wa wodi unafutwa kila siku.

Kama fungu ni dogo, anzeni na masinki na vitasa.